Supaglu haizibi kioo cha gari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, nalo ni jinsi vioo vya mbele vya magari yetu vinavyoharibiwa na watu wanaodai kuviziba. Mimi ni fundi wa vioo hapa Nakuru, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na minne.

Mwezi uliopita dereva wa matatu iendayo Kisumu alinijia asubuhi na mapema, kabla hajapakia abiria. Siku iliyotangulia, jiwe lililorushwa na gurudumu la lori la kokoto lilikuwa limekigonga kioo chake karibu na Salgaa na kuacha alama ndogo kama punje ya mahindi upande wa abiria. Kidonda cha aina hiyo, kikiletwa kingali kibichi, hunichukua nusu saa au zaidi kidogo. Kwa bahati mbaya, dereva huyu alikuwa amepitia kwanza kwa kijana mmoja kando ya barabara kuu, ambaye alikidondoshea supaglu, akakwangua juu kwa wembe na kupokea pesa zake. Nilipotazama alama ile kwa lenzi ya kukuzia, niliona gundi imeganda juu kama utando wa maziwa yaliyopoa, na chini yake hewa imenaswa katika nyufa tatu zilizotoka katikati kama miguu ya kuku. Njia ya kuingilia ilikuwa imefungwa kabisa, na hakuna dawa ambayo ingepenya tena. Nilimweleza ukweli huo, akaenda zake kwa sababu abiria walikuwa wakimngoja. Alipofika Londiani, palipokuwa na baridi kali, aliwasha hita ili kuondoa ukungu kiooni, na kabla hajaingia Kericho ufa mmoja ulikuwa umetembea hadi kwenye ukingo wa kioo.

Si kwamba kijana yule alikuwa na nia mbaya. Naamini hakujua kioo cha mbele kimeundwa vipi, na wengi wetu hatujui. Kioo hicho si kimoja bali ni viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, na katikati yake pana utando wa plastiki ambao unene wake haufiki hata milimita moja. Wazo la kioo cha namna hiyo lilimjia mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus mwaka wa 1903, pale chupa ya maabara ilipomponyoka ikapasuka bila kutawanyika, kwa kuwa ndani yake palikuwa pamebaki utando wa kemikali iliyokauka. Alikisajili kioo chake mwaka wa 1909. Basi jiwe dogo linapopiga, kwa kawaida huvunja kioo cha nje tu, huku utando na kioo cha ndani vikibaki salama. Hapo ndipo penye nafasi ya kuokoa kioo, kwa sababu kidonda chote kimo katika tabaka moja na ndani yake mna hewa tupu, nayo hewa hiyo inaweza kutolewa na mahali pake pakajazwa kitu kingine.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Ni fremu ndogo ya chuma tunayoiita daraja, ambayo hunasa kwenye kioo kwa vikombe vya mpira, na katikati yake hupita bomba dogo lenye pistoni ya kuzungusha kwa mkono. Mdomo wa bomba hukalishwa barabara juu ya kidonda. Kwanza fundi huvuta pistoni ili kunyonya hewa, kisha huisukuma ili rezini, yaani utomvu maalumu mwembamba kama maji, uingie katika kila ufa. Na hurudia kuvuta na kusukuma mpaka weusi wa hewa utoweke. Mtu akitazama kwa ndani ya gari, akiwa ameshika kioo kidogo cha kujitazamia, huona nyufa zikizimika moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Rezini hiyo hupitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, ndiyo maana alama hufifia. Mwishoni huwekwa tone la rezini nzito kwenye shimo la juu, likafunikwa kwa kipande cha plastiki angavu, likagandishwa kwa taa ya miale ya urujuanimno na kusawazishwa kwa wembe uliosimamishwa wima.

Supaglu haiwezi kufanya kazi hiyo. Hukauka kabla hewa haijatoka, huwa ngumu na yenye kukatika kwa urahisi, na baada ya muda hugeuka rangi.

Ziko pia seti za bei nafuu za plastiki, zenye kibandiko cha duara na sirinji ndogo, ambazo watu huagiza kwa mtandao. Sizikatai. Kwa kidonda cha mviringo kisicho na miguu, na kwa mtu mwenye subira anayefuata maelezo, zinaweza kusaidia. Ila nguvu yake ya kunyonya hewa ni ndogo, na kwenye kidonda chenye nyufa nyingi nimeziona zikishindwa mara kwa mara.

Kuna jambo moja ambalo maelezo ya seti hizo hayalisisitizi vya kutosha kwa watu wa huku kwetu, nalo ni jua. Rezini hugandishwa na miale ileile iliyomo katika mwanga wa jua, na sisi tunaishi hatua chache tu kutoka mstari wa ikweta. Fundi anayefanya kazi hii saa sita mchana katika uwanja wa wazi, uwe ni Kondele kule Kisumu au hapa Nakuru, ataona rezini ikiganda ndani ya bomba kabla haijafika inakokwenda. Niliwahi kuharibu kioo cha mteja kwa njia hiyo nilipokuwa ninaanza, na nilikilipia. Gari liwekwe kivulini, kioo kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji baridi, na chupa ya rezini ihifadhiwe gizani. Wakati wa mvua shida huwa nyingine: maji huingia katika ufa na kuizuia rezini, kwa hiyo ni lazima yakaushwe polepole kwa hewa vuguvugu. Wapo wanaotumia moto wa kiberiti, na moto huo huupanua ufa papo hapo.

Ni wajibu wa fundi pia kukataa kazi. Kidonda kilicho kipana kuliko sarafu ya shilingi ishirini, ufa mrefu unaozidi sentimita kumi na tano au hivi, ufa uliofika ukingoni, na alama iliyo mbele kabisa ya macho ya dereva, hivyo mimi huvirudisha, kwa maana hata kazi nzuri huacha kovu, na kovu hilo huvunjavunja mwanga wa magari yanayokuja usiku. Vioo vya milangoni katika magari mengi navyo havizibiki kabisa, kwani hivyo ni vya aina nyingine, na vikipasuka humwagika kama chembe za chumvi ya mawe.

Wako wanaoniambia kwamba ufa ni urembo tu ulioharibika. Sikubaliani nao hata kidogo. Kioo cha mbele hulisaidia paa lisibonyee gari linapobingirika, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofunguka. Isitoshe, magari ya mitumba yanayotufikia sasa kutoka Japani mara nyingi huwa na kamera nyuma ya kioo hicho, na kukibadilisha huhitaji kamera ipangwe upya, gharama ambayo wenye magari wengi hawakuitarajia.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vya ufundi katika Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi waiingize kazi hii katika mafunzo ya mekanika wa magari. Vifaa vyake hujaa katika mkoba mmoja, na kijana mwenye mikono tulivu anaweza kuelewa hatua zake katika siku chache, ingawa mkono wenyewe huchukua miezi kuzoea. Nawaomba pia wenye malori ya kokoto wafunike mizigo yao kwa turubai, maana vidonda vingi ninavyoletewa huanzia hapo.

Nanyi madereva, jiwe likigonga kioo, bandikeni selotepu angavu juu ya alama siku hiyohiyo ili vumbi na maji yasiingie, mzime hita inayopuliza kiooni, na mtafute fundi kabla wiki haijaisha. Kabla ya kumlipa, mwambieni awaonyeshe daraja, bomba lake na chupa ya rezini. Akitoa kichupa cha supaglu mfukoni, iacheni selotepu mahali pake mwendelee na safari.

Fundi wa vioo vya magari,
Nakuru