Kofia za leza za kuotesha nywele: mngemtafuta daktari

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji tu, ila habari yenu ya kofia za leza za kuotesha nywele imenishinda kunyamazia. Bei mmeiweka, duka mmelitaja, "matokeo ndani ya mwezi" mmeyachapa kama yalivyo. Daktari wa ngozi hakutafutwa hata mmoja, na pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima kinachowafundisha!

Mdogo wangu alinunua kofia hiyo Kariakoo kwa laki sita. Boksi lina nembo ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kubwa kama kiganja. FDA hairuhusu muuzaji yeyote kubandika nembo yake kwenye bidhaa. Kitana cha leza cha HairMax walikiruhusu kiuzwe mwaka 2007 kwa wanaume na 2011 kwa wanawake, tena kwa upara wa kurithi, na hata huyo mwenye upara wa kurithi huvaa au kuchana miezi minne hadi sita ndipo aone tofauti. Mdogo wangu hana upara wa kurithi. Nywele zake za mbele zimeng'olewa na rasta za kubana, ngozi pale imebaki laini, inang'aa, vitundu vya nywele havionekani tena. Hilo ni kovu, na kovu halioteshi nywele kwa mwanga wowote. Muuzaji alikiona kichwa chake na bado akapokea hela. Tulipokaa kuyasoma maandishi madogo ya ubavuni, yanataja taa za LED tu. Leza iko kwenye jina. Onyo la macho hakuna. Tahadhari kwa anayemeza dawa zinazoifanya ngozi isivumilie mwanga, kama doxycycline, hakuna. Kurudisha hakuna, risiti hakupewa.

Na wasusi nao! Mtoto wa chekechea anavutwa mpaka nyusi zinapanda, vipele vinamtoka kwenye mstari wa mbele, mama anaambiwa ampe panadol, atazoea. Wateja wa kofia wanaandaliwa hapo.

TMDA ndio wanaosajili vifaa tiba. Wapite maduka ya vipodozi, wadai kila boksi liwe na karatasi ya Kiswahili: leza ngapi, LED ngapi, urefu wa wimbi la mwanga (vilivyofanyiwa utafiti vingi viko karibu na nanomita 650), daraja la usalama la leza, na kwa wino mwekundu, "Muone daktari wa ngozi kabla hujanunua." Nanyi irudieni ile habari, ukurasa uleule, mkianza na daktari.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam