Mkiandika tiba ya seli shina, andikeni na umri wa mtoto

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa mtoto aliyepata kiharusi akiwa mchanga kabisa, sasa ana miaka minne na mkono wa kulia bado mzito, kwa hiyo habari yoyote ya seli shina (stem cells, yaani seli changa zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine) ikitoka gazetini ndugu wote wananitumia WhatsApp, na haipiti muda wakala fulani anapiga simu eti tumpeleke mtoto nje akachomwe sindano, na hela anayotaja ni ya kuuza kiwanja.

Naombeni mkiandika mambo haya mtuambie waliotibiwa walikuwa na umri gani. Kuna utafiti wa Utrecht, Uholanzi, uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet Neurology 2022, ulikuwa na watoto 10 tu waliopata kiharusi, wote wachanga, na walipewa seli ndani ya siku 7 tangu dalili zionekane. Tena hawakuchomwa sindano, walidondoshewa puani mara moja tu, seli kama milioni 45 hadi 50 zilizotoka kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wa mtu aliyejitolea. Na hizo seli haziendi kugeuka ubongo mpya kama wengi tunavyodhani, zinatoa kemikali za kuusaidia ubongo wa mtoto ujitengeneze wenyewe halafu zenyewe zinapotea. Watafiti walikuwa wanapima kama ni salama na inawezekana, na kweli hakuna aliyepata madhara makubwa, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, yaani watoto kama hao wasiopewa seli, kwa hiyo bado huwezi kusema seli ndo zimewaponya. Mimi nawaombea sana wale watafiti wafanikiwe. Lakini kuchukua habari ya watoto wa siku chache ukamuuzie mama mwenye mtoto wa miaka minne, huo ni wizi kabisa.

Halafu hata hiyo tiba ikija kwetu kesho itamfikia nani, kama kiharusi chenyewe hakigunduliki mapema? Kichanga hapindi mdomo kama mtu mzima. Anaweza kurusharusha mkono mmoja au mguu mmoja, hata siku ya kwanza au ya pili tangu azaliwe, ukiushika unausikia bado unacheza mkononi mwako, na ukiona hivyo mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, usikubali aanze kufukizwa nyumbani kwamba ni degedege la kawaida. Na mtoto akianza kupendelea mkono mmoja kabla hajafikisha mwaka msifurahie kwamba atakuwa mashoto, apelekwe akaangaliwe.

Sisi kilichotusaidia ni mazoezi, ule mkono usio na shida unavalishwa soksi kwa muda ili ule mzito ulazimike kushika kijiko, analia weeh lakini siku hizi anashika kikombe mwenyewe. Haya hamyaandiki. Ukurasa wenu wa afya una nafasi, wapeni wataalamu wa mazoezi tiba hata nusu yake waelekeze wazazi.

Msomaji wenu,
Morogoro