CD4 ya paka siyo CD4 ya mtu

Mhariri salaam,

Naomba nafasi nitoe la moyoni, maana sisi watu wa maabara tunaishia kulalamikia kwenye chai ya saa nne tu. Kazi yangu ni damu ya paka, na watu wakisikia wanacheka, eti paka nao wanafanyiwa utafiti? Ndio, paka ana virusi vyake vinaitwa FIV, viligunduliwa California mwaka 1986, vinamaliza seli za CD4, zile askari wa kinga ya mwili, kama HIV inavyotufanya sisi, ila binadamu haviwapati kwahiyo msianze kufukuza paka wenu, na hata simba wa Serengeti wana virusi vya ukoo huohuo.

Sasa ili ujue paka kabakiwa na CD4 ngapi unaweka kwenye damu kingamwili, yaani protini za kunasa kitu kimoja maalum, zilizobandikwa rangi, zinaing'ang'ania ile seli, halafu seli zinapita mojamoja mbele ya leza, yenye rangi inawaka, mashine inahesabu. Lakini kingamwili iliyotengenezwa kwa CD4 ya binadamu haimtambui paka. Sisi oda tuliandika YA PAKA, watu wa manunuzi wakaona ya binadamu ni bei rahisi, wakasema si CD4 ni CD4 tu? Ikaja, tukapima, skrini nyeupe pee, paka hana CD4 hata moja, na mwenyewe yuko pale kwenye kizimba anatafuna dagaa. Mwanafunzi wetu alishaanza kuandika kwamba kinga imekwisha kabisa! Kilichomwokoa ni paka mwingine mzima tuliyempima pembeni kulinganisha, naye akatoka sifuri.

Tukaagiza upya, safari hii ya paka kweli, yenye rangi ya PE, hii inatolewa kwenye mwani mwekundu, jamaa wa huu wa Zanzibar, ni protini kwahiyo haitaki kugandishwa, inataka friji ya kawaida na giza. Mzigo ukafika Ijumaa jioni sisi tumeshatoka, mtu mwema akautupia kwenye friza. Jumatatu nakuta kichupa kina barafu ya pinki, na kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kabisa isigandishwe.

Jamani watu wa manunuzi, kabla ya kulipa tupigieni hata simu muulize hii ni ya mnyama gani na inakaa wapi, dakika mbili tu. Paka yupo, kanenepa, CD4 zake mpaka leo hatuzijui.

Fundi wa maabara ya mifugo