Jina la ukoo lisiwapoteze: kisa cha mfua fedha wa Québec

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu kutafuta nasaba kwa intaneti. Mwandishi anasema ukishalijua jina la ukoo, nusu ya kazi imekwisha. Kwa koo za Kifaransa za Québec, hapo ndipo kazi inapoharibika. Naishi Montréal, nimeoa huku, na haya yamemkuta baba mkwe wangu.

Jina lao ni Pagé. Tangu utotoni ameambiwa kwamba wanatokana na Jacques Pagé, mfua fedha na fundi saa wa mji wa Québec, aliyezaliwa 1682 na kufariki 1742. Fundi huyo si wa kubuni. Kufua fedha alifundishwa na Michel Levasseur, aliyekuja kutoka Ufaransa. Fedha yenyewe ilikuwa adimu huku, enzi hizo koloni la Ufaransa, hivyo mteja alileta sarafu zake au vijiko vilivyochakaa, vikayeyushwa na kufuliwa upya. Baba mkwe alinunua mti wa ukoo kwenye tovuti moja, akautia fremu, akautundika sebuleni. Jacques alikuwa juu kabisa, jina lake kwa wino wa dhahabu.

Kasheshe ni lakabu. Watu wale walikuwa na jina la ukoo na jina la pili lililofuata neno "dit", yaani "aitwaye". Jacques kwenye hati ni Pagé dit Carcy, kwingine Quercy. Quercy ni eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, pande za Cahors, na lakabu hiyo aliibeba babu yake, Raymond. Paul Lambert, mfua fedha mwingine wa Québec aliyetoka Arras, aliitwa pia Saint-Paul. Lakabu zilirithiwa, na baadaye wajukuu wengine wakabaki na jina, wengine na lakabu. Ukiandika neno moja tu kwenye kisanduku cha kutafutia, nusu ya ukoo haitokei. Tena palikuwa na Pagé mwingine kabisa, Robert, mume wa Marguerite Gaudin, asiye wa ukoo wa Raymond.

Wala msikimbilie muhuri ambao fundi aliugonga kwenye kijiko cha fedha cha urithi. Herufi PL chini ya ua la yungi zinamtaja Lambert aliyekifua, si mtu aliyekirithi.

Njia ya kuaminika ni kupanda kuelekea kwa mababu, ndoa kwa ndoa. Kitabu cha parokia kikiandika ndoa, kwa kawaida hutaja baba na mama wa bwana harusi na wa bibi harusi, na wanawake hubaki na majina ya kwao (jambo ambalo watafuta nasaba wa Kiingereza wanalionea wivu). Nyingi ya picha za vitabu hivyo zinasomeka bure mtandaoni. Tahadhari moja: kanisa la Québec liliungua 1640 na vitabu vyake, na yaliyokuwamo yakaandikwa upya kwa kumbukumbu za watu.

Tulikaa jioni tatu, mimi na yeye, pua zimegusa kioo cha kompyuta. Wino wa upande wa pili umepenya karatasi, herufi s imerefushwa mpaka inafanana na f. Mwisho wa kila ingizo padri anaeleza nani ametia sahihi na nani amesema hajui kuandika. Jioni ya pili tukakuta penye kidonda: tovuti ile ilikuwa imewaunganisha akina Joseph Pagé wawili wa parokia mbili, mmoja mwenye wazazi wanaotajwa waziwazi, mwingine aliyepachikwa tu. Mwenye kuuza mti hakuwa amefungua hata kitabu kimoja. Alilinganisha majina, akapokea pesa.

Tukaendelea kupanda kwa wazazi waliotajwa, ndoa hadi ndoa, mpaka juu. Hatukumkuta Jacques, wala Raymond, wala Carcy yeyote. Tulifika kwa Robert na Marguerite Gaudin.

Mzee alinyamaza, akautazama mti wake ukutani. Kisha akaniuliza kama huyo Robert naye alijua kutengeneza saa.

Msomaji wenu,
Montréal, Kanada