Mhariri, mvule wetu nimeukuta kwa Wakanak

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wenu aliandika hapa kwamba mila zetu zimeshakufa, zimebaki ngoma za kuchezea wageni hotelini tu. Nimesoma nikakumbuka safari yangu ya Nouméa, mji mkuu wa Kaledonia Mpya, nikasema hapana, hili siliachi.

Mi ni mtu wa Tanga ila naishi Brisbane, na kutoka huku mpaka Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa ambako Wakanak ndo wenyeji wa asili, ni masaa mawili na ushee tu kwa ndege, basi 2023 tukaenda na jamaa yangu mmoja wa Bukavu, ndo alikuwa mkalimani maana kule ni Kifaransa na changu kinaishia bonjour. Tukafika Kituo cha Utamaduni cha Tjibaou, kipo rasi ya Tina, nje kidogo ya mji.

Aisee. Majumba kumi yamejipanga, mbavu za mbao zimepinda kwenda juu na hazikutani, refu kuliko yote linafika mita 28, kwa mbali utadhani mtu kasuka matenga makubwa akaitwa kula kabla hajafunga ukingo. Nikasogea nikapapasa ubao, umepigwa jua na chumvi mpaka umekuwa kijivu, lakini mi nimekulia karakana kwa mjomba, nikamwambia jamaa hebu uliza hii mbao gani. Mhudumu akasema iroko, inatoka Afrika. Iroko si ndo mvule jamani! Ule ule wa milango yetu, ule ambao vumbi lake likikuingia puani unapiga chafya mpaka magharibi. Waliutaka kwa sababu mchwa hauuwezi. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Sasa ndo nije kwenye hoja. Aliyechora jengo ni Mwitaliano, Renzo Piano, lilifunguliwa 1998, mbao za kwetu, hela za Ufaransa ile ile iliyoitwaa nchi yao mwaka 1853, na yule dada Mkanak aliyetutembeza kila akilitaja anasema "kwetu". Zile mbavu zimeachwa hivyo makusudi, kuonesha kazi bado inaendelea. Jean-Marie Tjibaou mwenyewe, kiongozi wa Wakanak waliodai uhuru, ambaye kituo kimepewa jina lake, alikuwa akisema utambulisho wao uko mbele yao, sio nyuma. (Huyu mzee aliuawa kisiwani Ouvéa tarehe 4 Mei 1989, na aliyempiga risasi ni Mkanak mwenzake aliyeona makubaliano ya Matignon, ambayo Tjibaou aliyasaini na Ufaransa 1988, ni kuuzwa. Nilikaa kimya pale kwenye picha yake.)

Nje kuna njia ya bustani inayosimulia habari za Téâ Kanaké, mtu wa kwanza, na haisimulii kwa vibao, inasimulia kwa mimea, viazi vikuu huku magimbi kule, jamaa wa Bukavu akawa ananitajia majina ya kwao ya kila jani tukachelewa kweli. Halafu kuna nyumba za asili za msonge, mlango mfupi lazima uiname, na katikati nguzo moja nene ndo chifu, zile za pembeni ndo koo zinazomshikilia. Kuingia kwa watu huko vijijini hupigi hodi kwa mdomo mtupu, unatoa kitambaa na maneno mawili matatu ya heshima, hata bibi yangu angewaelewa bila mkalimani.

Kwa hiyo yule msomaji, akisikia vijana wa Lushoto wanaingiza mdumange, ngoma ya Wasambaa, kwenye kompyuta asikimbilie kutangaza msiba, awasikilize kwanza mpaka mwisho, wakiharibu awaambie wameharibu wapi.

Picha za zile mbavu nilimtumia mjomba kwa WhatsApp. Mvule aliutambua hapo hapo, ya Renzo Piano wala hakuyajali, akauliza kitu kimoja tu: wameunga kwa misumari au kwa bolti?

Msomaji wenu,
Brisbane, Australia