Barua kwa vijana mnaojifunza utunzi: safu ya noti 12 huanzia sikioni

Wanangu wapendwa,

Nimezipitia karatasi za mazoezi mlizoniletea, nikaona kwamba wengi wenu mmeanza kutunga kwa safu za noti 12, yaani noti zote 12 za muziki zikiwa katika mfuatano mmoja, kama alivyofanya mtunzi Arnold Schoenberg wa Vienna. Hesabu zenu ni safi, ila nahofia kwamba hamzisikii noti mnazoziandika. Kosa hilo nalijua, kwani nililifanya ujanani: nilijaza kurasa kwa penseli na rula, na mwalimu wangu aliponitaka niimbe safu yangu, noti ya tano ilinishinda.

Schoenberg hakuanzia kwenye safu. Alitunga miaka mingi ndani ya ufunguo, yaani muziki wenye noti moja ya nyumbani, do, hata mwaka 1908, katika sehemu ya mwisho ya kwateti yake ya pili ya nyuzi (kipande cha ala nne za nyuzi), akaacha kuandika alama ya ufunguo, huku mwimbaji wa soprano akiimba kuhusu hewa ya sayari nyingine. Uhuru huo ulikuja na shida yake, maana pasipo do ya kurudia, kipande kirefu kitashikiliwa na nini? Kwa muda aliegemea mashairi yamwongoze, na jibu la safu alilipata mwanzoni mwa miaka ya 1920. Noti zote 12 hupangwa kwa mfuatano mmoja, ambao waweza kusomwa kinyumenyume, au kupinduliwa ili kila hatua ya kupanda iwe ya kushuka, au kufanyiwa yote mawili. Na kwa kuwa kila moja ya maumbo hayo manne, pamoja na lile la asili, laweza kuanzia noti yoyote kati ya 12, mtunzi hupata safu 48.

Sasa fungueni Suiti yake ya Piano (mfululizo wa vipande vifupi), opasi 25, yaani kazi yake namba 25. Noti nne za mwisho za safu ni B, C, A na B-flati. Wajerumani huiita B-flati B, na B huiita H. Zisomeni kutoka nyuma, nanyi mtalikuta jina la Bach, mtunzi mkuu wa Kijerumani wa zamani. Vipande vyenyewe ni vya mitindo ya kale, kama ngoma za gavoti, minueti na jigi. Mtu huyu alikuwa amebeba urithi wote kichwani alipokuwa akiunda kanuni mpya, na hilo ndilo ninaloliona likikosekana katika karatasi zenu.

Mwanafunzi wake, Alban Berg, alikwenda mbali zaidi katika Konseto ya Fidla (kipande cha fidla na okestra) ya mwaka 1935, aliyoitunga kumkumbuka msichana aliyefariki akiwa na miaka 18. Noti nne za mwisho za safu yake ndizo zinazofungua wimbo wa kanisani ambao Bach aliupangia sauti, hivyo wimbo huo unapoingia karibu na mwisho, sikio limekwisha kuuzoea bila kujua.

Tutakapokutana tena, msiniletee jedwali la safu 48. Kila mmoja aje na safu moja tu, piano itafungwa, nami nitawaomba mniimbie.

Mzee wenu