Mhariri, mkiandika baridi ya Mbeya tupeni na namba za usiku

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi nauza makoti na masweta ya mitumba hapa Mwanjelwa, mwaka wa kumi na kitu sasa, kwa hiyo mambo ya baridi nayafuatilia maana ndiyo ugali wangu. Wateja wengi wakishika jaketi zito wanasema hili limetoka Ulaya kule kwenye barafu, na mimi nilikuwa naitikia tu ili biashara iende.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko Hispania, mji unaitwa A Coruña, uko pwani kabisa kaskazini magharibi, bahari ya Atlantiki imeuzunguka karibu pande zote. Nilimwambia mwanangu jitunze na hiyo baridi, akacheka, akasema mama mdogo, Mbeya ndo kulikuwa kunanitesa. Nikaona ananidanganya. Akanitumia jedwali la wastani wa joto wa kila mwezi, wamepiga hesabu ya miaka 30, 1981 hadi 2010. Mwezi wa baridi kuliko yote ni Januari, nyuzi 10.8. Wa joto kuliko yote ni Agosti, 19.6. Basi! Mwaka mzima haijafika hata nyuzi 9 za tofauti, na huo mji uko mbali na ikweta karibu mara tano ya sisi. Madrid ni nchi hiyohiyo lakini iko katikati ya bara, Januari 6 na kitu, Julai inapita 25.

Kinachofanya hivyo ni bahari. Maji yanapata joto polepole na yanalitoa polepole, ndo maana kilele chao ni Agosti wakati jua lao kali ni Juni, na upepo unaotoka baharini unaingia mjini na uvuguvugu wakati wa baridi. Kijana anasema mvua ndo inayomsumbua, mwamvuli unageuzwa na upepo kila siku.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Nikachukua kalamu nikapiga ya kwetu. Chukua siku ya Julai hapa, alfajiri nyuzi 6, saa nane mchana 22, ukijumlisha ukagawa kwa mbili unapata 14. Mtu wa Dar akisoma 14 anasema aah, kawaida, hata A Coruña mwezi wa Mei wako hapohapo, karibu 15. Ila wenzetu Januari yao mchana ni 13 na usiku 8 hivi, unalala na blanketi lilelile mwaka mzima. Sisi kwenye siku moja tunapanda na kushuka nyuzi 16! Asubuhi mtoto anaenda shule na sweta, kofia na soksi mbili, mchana anarudi kavifunga vyote kiunoni, na kimoja kapoteza njiani (hapo mama ndo anarudi kwangu kununua kingine, silalamiki).

Na yetu sio ya barafu ya Ulaya, ni ya mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 ukipanda joto linapungua nyuzi 6 hivi. Halafu Juni na Julai mawingu hakuna, ardhi inaachia joto lote usiku kama nyumba isiyo na dari. Kitulo huko juu ya mita 2,600 asubuhi unakuta majani meupe kwa umande ulioganda, na mwenye viazi anajua shamba likipigwa hivyo maana yake nini.

Kwa hiyo Mhariri, kwenye ukurasa wenu wa hali ya hewa kuandika "Nyanda za Juu Kusini: baridi" haitusaidii. Wekeni mwezi kwa mwezi, Mbeya, Njombe, Makete, Iringa, na Tukuyu msiisahau, cha juu peke yake na cha chini peke yake. Huo wastani mmoja unamezwa na mchana. Mimi mwenyewe ningejua nifungue belo la makoti mazito lini, maana mwaka jana nilifungua mapema nikakaa nayo wiki tatu yananitazama.

Yule kijana anakuja likizo Julai. Ameshaagiza nimwekee jaketi, la kujaza sufi, lenye kofia.

Mama Mitumba,
Mwanjelwa, Mbeya